Mlango wa Pili: Mtoano wa Mpira wa Kikapu

Bila shaka umewahi kuona wasichana wakicheza netiboli shuleni. Mpira wa kikapu unafanana na netiboli. Goli ni pete iliyo juu, na mpira huchezwa kwa mikono. Lakini katika mpira wa kikapu mchezaji huweza kukimbia na mpira huku akiudundisha chini. Kila timu huwa na wachezaji 5 uwanjani. Kikapu cha kawaida ni pointi 2. Kikapu kilichofungwa kutoka mbali ni pointi 3. Hakuna sare. Timu zikilingana, huongezewa dakika 5 mpaka mmoja ashinde.

Leo tutasoma juu ya wasichana wa vyuo vikuu vya Marekani na mashindano yao ya mtoano.

Umoja wa vyuo

Marekani ina vyuo vingi mno. Haviwezi vyote kukutana uwanjani. Kwa hiyo vyuo hujiunga katika vikundi. Vikundi vya daraja la kwanza ni zaidi ya 30. Kimoja ni Umoja wa Kusini-Mashariki. Mwaka 2022 umoja huo ulikuwa na vyuo 14.

Kwanza vyuo vya umoja hucheza mechi za ligi, na kila chuo hupata nafasi yake. Kisha, mwezi wa Machi, hukutana katika mji mmoja kwa mtoano. Anayeshindwa mara moja hurudi nyumbani.

Aliyefanya vizuri katika ligi hupata faida. Mwaka 2022, timu 4 za juu zilipumzika siku 2 za kwanza. Timu 6 zilizofuata zilipumzika siku 1. Timu 4 za mwisho ndizo zilizoanza. Sasa tufanye hesabu. Kila mechi hutoa timu moja. Ili ibaki timu 1 kati ya 14, lazima zitoke timu 13. Kwa hiyo mechi ni 13.

Mlango wa pili

Kwa nini mtoano huu ni jambo kubwa? Kwa sababu baada yake yapo mashindano ya taifa zima. Kamati huchagua timu zilizocheza vizuri msimu mzima. Huo ni mlango wa kwanza. Lakini bingwa wa mtoano huingia moja kwa moja, hata kama alianza vibaya. Huo ni mlango wa pili. Katika umoja wa vyuo vidogo, mara nyingi bingwa peke yake ndiye anayekwenda. Kazi ya mwaka mzima huamuliwa kwa mechi moja.

Angalia yaliyotokea mwaka 2022 katika mji wa Nashville. Chuo Kikuu cha Kentucky kilikuwa nafasi ya 7. Katika mechi 16 za ligi kilishinda 8 na kushindwa 8. Kwenye mtoano kiliwafunga Mississippi State, kisha LSU, kisha Tennessee. Siku ya nne kilikutana na South Carolina, timu iliyokuwa imeshindwa mara moja tu msimu ule. Zikiwa zimebaki sekunde 4 hivi, Dre'Una Edwards wa Kentucky alirusha mpira kutoka mbali. Ukaingia. Kentucky 64, South Carolina 62. Kilikuwa kikombe chao cha kwanza cha mtoano wa umoja tangu 1982.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Katika mashindano ya taifa Kentucky ilitolewa katika mechi yake ya kwanza. South Carolina iliingia kwa mlango wa kwanza, ikawa bingwa wa taifa. Kushindwa siku moja hakukufuta kazi yao ya msimu mzima.

Nani aliyefungua milango?

Milango hii haikujifungua yenyewe. Chama cha michezo ya vyuo kilianza mashindano ya taifa ya wanaume mwaka 1939. Ya wanawake kilianza mwaka 1982. Kabla ya hapo wanawake walikuwa na chama chao wenyewe. Mwaka 1972 serikali ilitunga sheria: shule inayopokea fedha za serikali isimbague mtu kwa sababu ni mwanamke. Ndipo vyuo vikalazimika kuwapa wasichana walimu wa michezo, viwanja na nafasi za masomo.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Mwaka 2021, katika mashindano ya taifa, wanaume walipewa ukumbi mkubwa wa vyuma vya mazoezi. Wanawake walipewa rafu moja ndogo. Mchezaji mmoja alirekodi video na kuionyesha. Watu wakaona. Viongozi wakaomba radhi na kurekebisha. Mwaka uliofuata timu za wanawake ziliongezwa kutoka 64 hadi 68, sawa na za wanaume.

Ndugu msomaji, haki iliyoandikwa ni lazima ijulikane, isomwe na kudaiwa. Asiyeisoma atajuaje kwamba amenyimwa?

Maswali

1. Mtoano wa timu 8 una mechi ngapi?
2. Mlango wa kwanza ni upi? Na wa pili ni upi?
3. Mchezaji aliyerekodi video alisaidia nini?
4. Katika kijiji chenu, wasichana wana uwanja na muda wa kucheza? Jadilianeni.