Kidonda Hakiponi kwa Upepo

Hapa kwetu Mnyuzi kazi nyingi ni za panga, jembe na mkonge. Jani la mkonge lina mwiba mkali nchani. Panga nalo huteleza. Kujikata basi si ajabu. Ajabu ni vile tunavyotunza majeraha yetu.

Wengi tumezoea kusema: "Kiache kipigwe na upepo, kikauke." Wengine hutia majivu au mafuta ya taa. Wengine hupasua kidonge cha rangi mbili, wakanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Je, tunafanya vizuri? Hapana.

KWA NINI TUFUNIKE?

Ngozi mpya hutambaa kutoka pembeni mwa jeraha kwenda katikati. Ili itambae vizuri inahitaji unyevu. Kidonda kikikauka hufanya gaga gumu. Ngozi mpya hulazimika kupenya chini ya gaga hilo, nayo huchelewa. Mwaka 1962 mtaalamu George Winter wa Uingereza alichunguza majeraha ya nguruwe. Yale yaliyofunikwa yasikauke yaliota ngozi upesi, karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi.

Lakini unyevu ukizidi nao ni hatari. Maji ya kidonda hulainisha ngozi nzima ya pembeni ikaharibika, na vijidudu huzaliana.

SIFONGO YA HOSPITALI

Kwa sababu hiyo baadhi ya hospitali hufunika vidonda kwa sifongo maalumu. Sifongo hiyo hunyonya maji yaliyozidi, lakini huacha unyevu wa kutosha. Nyingine zimetiwa madini ya fedha, yale yale ya kutengenezea pete na mikufu. Fedha hiyo huua vijidudu.

Si kila kidonda kinahitaji sifongo yenye dawa. Hufaa kidonda chenye maji mengi na dalili za vijidudu. Kwanza mganga hukiosha na kuondoa nyama iliyokufa. Sifongo huweza kukaa siku kadhaa. Usiifungue kila siku kuchungulia. Mganga atakwambia irudishwe lini kubadilishwa. Na vijidudu vikishaenea mwilini, sifongo peke yake haitoshi. Utahitaji dawa nyingine.

Angalia sana: usikate sifongo ya godoro ukaifunga kidondani. Hiyo ni uchafu mtupu.

Na ule unga wa kidonge? Kidonge kimetengenezwa kimezwe. Ukikinyunyiza ovyo, vijidudu huizoea dawa. Siku mtoto wako atakapoihitaji kuokoa maisha yake, huenda isimsaidie.

UKIJIKATA FANYA HIVI

1. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome.
2. Nawa mikono. Kisha osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni.
3. Funika kwa shashi, au kitambaa safi kilichofuliwa na kupigwa pasi. Usikaze mno.
4. Jeraha likiwa na kina, au likiingia udongo, nenda zahanati upesi. Uliza habari za sindano ya pepopunda.

Damu isipokoma, endelea kukandamiza huku mkienda zahanati.

Kidonda kikivimba, kikiwa cha moto, kikitoa usaha au kikinuka, au ukipata homa, usingoje. Mwenye kisukari asidharau hata mchubuko wa mguuni, kwani mguu wake unaweza kuoza bila yeye kusikia maumivu. Zahanati ikishindwa, itakuandikia uende hospitali, kama ile ya Magunga pale Korogwe.

Sifongo yenye dawa haipatikani kila mahali. Lakini maji safi, sabuni na kitambaa safi tunavyo majumbani mwetu. Tuanze na hivyo.

TUJADILIANE

1. Nyumbani kwako mtu akijikata, mnatia nini kidondani?
2. Kwa nini si vizuri kunyunyiza unga wa kidonge juu ya kidonda?