Mbwa wa Kamba Ndefu

Ayala aliyepigwa risasi ya mapafu anaweza kukimbia mita mia moja kabla ya kuanguka, na katika misitu ya misonobari ya kusini mwa Ujerumani, jioni ya Novemba, mita mia moja zinatosha kabisa kumpoteza. Vichaka vinafunga nyuma yake, manyunyu yanaosha damu, na saa kumi na moja giza limekwisha kuingia. Mwindaji anabaki na tochi mkononi, akilitazama jani moja lenye tone. Kisheria hawezi kuondoka tu akaenda kulala. Kifungu cha 22a cha sheria ya uwindaji ya Ujerumani kinamlazimu kumkinga mnyama aliyejeruhiwa na mateso yasiyo ya lazima, na kwa kawaida wajibu huo hutimizwa na mbwa mmoja aliyefungwa kamba ya mita kumi, akifuatwa na mtu mwenye subira.

Msomaji wa Zaburi anamfahamu ayala kwa jina, ila kusini mwa Sahara hatuna wa asili hata mmoja. Swala, pofu na nyumbu wetu ni wa familia nyingine, wenye pembe zisizoachana na kichwa. Dume la ayala hudondosha pembe zake zenye matawi kila mwaka, kisha huotesha nyingine. Ulaya ya kati ayala huwindwa kwa kibali na kwa mgawo, kwani wakizidi hutafuna miche hadi msitu ukashindwa kujirudisha, na mbwamwitu na dubu waliokuwa wakiwapunguza walikwisha kuangamizwa karibu kote karne zilizopita.

Swali la kwanza la wanaotaka kuingia katika kazi hii huwa ni moja: nichukue mbwa wa aina gani? Jibu langu huwaudhi kidogo, maana nami nauliza: utaitwa mara ngapi kwa mwaka? Kila kitu kinategemea hapo, na nitaeleza kwa nini.

Wengi hudhani mbwa hufuata damu. Damu humsaidia zaidi mshika kamba, ambaye akiiona hujua bado yuko njiani. Mbwa ana habari nyingi kuliko hiyo. Ayala wengi, akiwemo yule mdogo wa Ulaya na yule wa mkia mweupe wa Marekani, wana tezi katikati ya vidole vya kwato, na tezi hizo huacha harufu ya mnyama mmoja mmoja pale anapokanyaga. Juu ya hiyo kuna nyasi zilizopondwa, udongo uliopinduliwa, manyoya, mate, na harufu ya mwili ulioumia. Mbwa aliyefundishwa hukusanya vyote hivyo na kuving'ang'ania kwa kilomita kadhaa, hata damu ikiwa imekatika kabisa.

Ugumu uko mahali ambapo mtazamaji wa kawaida hapaoni. Usiku ule ule, juu ya njia ile ile, wamepita ayala wengine wazima watano, nguruwe mwitu na sungura, na harufu zao ni mbichi kuliko ya yule aliyejeruhiwa jana. Kila silka ya mbwa inamwambia afuate kilicho kibichi. Mbwa wa kazi hii ni yule anayekikataa. Pua peke yake haitoshi, maana karibu mbwa yeyote ana pua kali kupita kiasi cha mahitaji yetu. Kinachorithishwa katika koo maalumu ni ukaidi wa kubaki na mnyama mmoja. Kipaji hicho hicho ndicho kinachotafutwa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, lakini katika hifadhi kama Lewa mbwa wa kunusa hufuata nyayo za majangili, wakichagua mtu mmoja kati ya njia za wachungaji na mifugo.

Wajerumani walikuwa na mbwa wa kazi hii zamani, mzito na mtulivu, aliyemwongoza mwindaji wa mtawala hadi alipolala ayala mkubwa. Kutoka ukoo huo alizaliwa mbwa wa Hannover, na chama cha wafugaji wake, Verein Hirschmann, kiliundwa mwaka 1894. Dume lake hufika kilo 40. Ni mnyama wa uso wa huzuni na kazi ya uhakika, ila milimani uzito huo ni mzigo. Baada ya mwaka 1870, Baroni Karg-Bebenburg wa Reichenhall, mji ulio chini ya milima ya Alps, alimpandisha mbwa wa Hannover na mbwa wekundu wa milimani, akapata mbwa mwepesi zaidi, anayepanda mawe bila kuchoka: mbwa wa milima ya Bavaria. Waaustria nao wana mbwa wao wa miguu mifupi na mwili mnene, dakshbrake wa Alps, anayesimama kati ya sentimita 34 na 42 na kustahimili theluji kwa namna ya ajabu.

Kisha yupo dakshundi. Nchi nyingi anajulikana kama mbwa wa kochi, jambo ambalo wafugaji wake wa kazi hawalipendi. Yule wa manyoya magumu, wa umbo la kawaida, ana uzito wa kilo tisa hivi, pua iliyo karibu na ardhi muda wote, na kichwa kigumu kama cha punda wa Lamu. Huko Marekani ndiye aliyefungua njia. Katika jimbo la New York, ambako kumfuata ayala kwa mbwa kulikatazwa ili kuzuia mbwa wanaowafukuza wanyama wazima, profesa wa historia John Jeanneney alipata kibali cha majaribio katika miaka ya 1970, akionyesha kwamba mbwa aliye kwenye kamba hawindi, anatafuta kilichokwisha kupigwa. Mwaka 1986 jimbo likaihalalisha kazi hiyo, na majimbo mengine yakafuata, mengi yakiweka sharti lile lile: kamba isiachiwe.

Sharti hilo ndilo linalopaswa kuongoza uchaguzi wa mbwa kuliko uzuri wake. Ukiishi mahali ambapo mbwa haruhusiwi kuachiwa, dakshundi anatosha karibu kila mara, anakula kidogo, na unaweza kumbeba mgongoni kuvuka kijito. Ujerumani hali ni tofauti. Ayala mwekundu mwenye mguu wa mbele uliovunjika hafi. Huinuka kila akikaribiwa na kukimbia tena. Hapo mbwa lazima aachiwe, amkimbize, amsimamishe na kubweka mahali pamoja hadi mwenye bunduki afike. Dume la ayala mwekundu linaweza kupita kilo 200 na lina pembe. Kumtuma dakshundi kwenye kazi hiyo ni kumwonea. Mbwa wa Hannover na wa Bavaria walifugwa kwa dakika hizo chache.

Lakini mbwa hawa wakubwa wana gharama ambayo haimo kwenye bei. Wasipopata kazi ngumu mara kwa mara huharibika tabia: hulia nyumbani, huanza kufukuza chochote, hupoteza ule ukaidi mzuri. Ndiyo maana vyama vyao havimuuzii kila mtu. Mfugaji atakuuliza unawinda wapi, ayala wekundu na nguruwe mwitu wako wangapi, nani atakufundisha, na kama mwajiri wako anakuruhusu kuondoka asubuhi ya Jumatatu baada ya wikiendi ya uwindaji. Mimi nauona utaratibu huo kuwa wa haki. Mwenye wito mara tatu au nne kwa mwaka abaki na dakshundi, au na Labrador wake wa nyumbani aliyefundishwa vizuri. Waingereza wengi wanaowinda ayala hufanya hivyo, na ayala wengi hupatikana.

Mafunzo huanza mapema, mtoto wa mbwa akiwa na miezi miwili au mitatu, kwa kuburuta ini au kipande cha ngozi mita chache kwenye nyasi na kumwachia zawadi mwishoni. Watu wengi hukosea kwa kumwaga damu nyingi, wakidhani wanamrahisishia mtoto. Wanamfundisha kufuata rangi nyekundu, na siku damu itakapokatika atasimama akimtazama bwana wake. Wafundishaji wazuri hupunguza damu haraka na kutumia viatu maalumu ambavyo chini yake hufungwa kwato halisi za ayala. Njia huachwa ilale: kwanza saa mbili, kisha usiku mzima. Katika mtihani mkuu wa Kijerumani njia huwa na urefu wa mita 1,000 na zaidi, inapita msituni, imewekwa kwa robo lita tu ya damu, na imelala zaidi ya saa 20. Wenye uthubutu hujaribu ile ya saa 40.

Kufundisha mbwa ni nusu. Nusu nyingine ni mshika kamba, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mbwa akifika mahali akaanza kuzunguka, huenda ayala alirudi nyuma juu ya nyayo zake mwenyewe mita thelathini, kisha akachepuka. Ni hila ya kawaida kwa mnyama anayefuatwa. Dawa yake ni mtu kusimama kimya, kamba ikiwa legevu, mbwa afanye hesabu yake. Asiye na subira huvuta kamba kuelekea upande anaodhani yeye, na mbwa mwenye adabu humtii, wakapotea wote wawili. Kuna kosa la upande wa pili pia: kumfuata mbwa aliyekwisha kuhamia kwa ayala mzima, eti kwa sababu anavuta kwa nguvu. Mshika kamba mzoefu hutambua kwa mkia, kwa pumzi, kwa jinsi pua inavyopanda kutoka ardhini. Akiona hivyo hurudi hadi tone la mwisho la damu, alilokwisha kuliwekea alama ya utepe, na kuanza upya bila kumkaripia mbwa.

Kusubiri nako kuna elimu yake. Pale ayala alipokuwa amesimama wakati wa risasi pana maandishi kwa anayejua kusoma. Damu nyepesi yenye povu ni ya mapafu, na baada ya nusu saa kwa kawaida mnyama amekwisha kufa. Damu nzito ya rangi ya kahawia ni ya ini. Mwachie saa tatu au nne. Majimaji ya kijani yenye harufu mbaya yanatoka tumboni, na hapo ukimfuata mapema unamwinua kutoka pale alipolala na kumpeleka kilomita mbili zaidi. Saa sita ni kidogo. Akipigwa jioni, subiri kuche. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaijua kanuni hii bila mbwa wa ukoo: mshale wa sumu ukishaingia, hawamkimbilii mnyama, wanampa muda, kisha ndipo wanaposhika nyayo. Tatizo la mwindaji wa kisasa ni kwamba ana gari linalomngoja na kazi ya kesho.

Kuhusu afya ya mbwa niseme machache, maana ndiyo sehemu inayosahauliwa. Mgongo wa dakshundi ni mrefu na pingili zake ni dhaifu kwa kurithi. Mnunulie ngazi ya gari, asiruke kutoka buti. Kupe wa misitu ya Ulaya hueneza maradhi ya damu, kwa hiyo kinga yao ni ya msimu mzima, si ya siku ya kazi. Nguruwe mwitu ni hatari kwa namna mbili. Meno yake huchana ngozi, ndiyo maana mbwa wengi huvalishwa fulana nene ya kinga. Hatari ya pili haionekani: baadhi yao hubeba virusi vya ugonjwa wa Aujeszky, ambao humuua mbwa ndani ya siku chache na hauna tiba. Kumpa mbwa kipande kibichi cha nguruwe kama zawadi ni desturi ya zamani ambayo ingefaa ife. Na katika maeneo yenye homa ya nguruwe ya Afrika, iliyothibitishwa Ujerumani kwa mara ya kwanza Septemba 2020, kamba, viatu na makucha ya mbwa husafishwa kwa dawa kabla ya kurudi nyumbani.

Mbwa anayeachiwa siku hizi hufungwa kifaa cha GPS shingoni, na barabara kuu iliyo karibu ni sababu tosha ya kutomwachia kabisa. Mipaka nayo ina sheria zake: ayala akivuka kuingia eneo la uwindaji la jirani, ruhusa hutakiwa, isipokuwa kwa washika kamba walioidhinishwa, ambao majimbo mengi ya Ujerumani huwaruhusu kuendelea na kutoa taarifa baadaye.

Watu hao walioidhinishwa ndio wanaonifanya nimshauri mwindaji wa kawaida asinunue mbwa wa kazi hii hata kidogo. Wapo karibu kila wilaya, wengi hufanya kwa kujitolea, na Marekani kuna orodha za washika kamba kwa kila jimbo. Mwite mapema, hata ukiamini umekosa shabaha, maana ayala wengi waliodhaniwa kuponyoka hukutwa wamelala karibu na pale walipopigwa. Akipokea simu atataka kujua ayala alisimama wapi na saa ngapi, aliruka au alijikunja, alielekea upande gani, umeokota nini pale chini. Kisha atauliza ni watu wangapi wamekwisha kupakanyaga pale wakimtafuta, na hilo ndilo swali ambalo wawindaji wengi hulijibu kwa sauti ya chini.