Injini mpya, lori lilelile: mbona linachemsha Kona Baridi?

Umetia injini nyingine kwenye lori kuukuu, mkopo wa chama bado unadai, na likipanda Kona Baridi kutoka Magadi linachemsha. Fundi wa haraka atang'oa thamostati. Usikubali! Kwa injini nyingi, bila thamostati maji mengine hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta.

Linachemsha wapi? Kwenye jam, kagua feni. Likiwa mlimani, shuku rejeta ya zamani, pengine ni ndogo kwa injini hiyo, au hewa iliyokwama kwenye mipira.

Halafu kifuniko cha rejeta, ambacho wengi husahau. Ngong iko zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari. Maji yasiyobanwa huchemka kwa takriban nyuzi 93, si 100. Kifuniko kipya ni bei nafuu kuliko gasketi ya hedi. Anza nacho, injini ikishapoa.