Kiongozi wa Soka Naye Aitwe Shujaa?

Huku Usinge, kwenye reli ya kati baina ya Tabora na Kigoma, soka ya ligi tumeijua zaidi kwa redio. Majina tunayoyashika ni ya wafungaji na makipa. Wiki hii nauliza habari za mtu asiyegusa mpira, yaani kiongozi wa chama. Tukiandika orodha ya mashujaa wa soka yetu, naye aingie?

Wamarekani walikwisha kujibu. Wana majumba ya heshima ya michezo, na viongozi wamo. David Stern, aliyeiongoza ligi ya mpira wa kikapu ya NBA kwa miaka 30, aliingizwa mwaka 2014.

Kwetu nachukua mfano wa Leodegar Tenga. Kwa uchezaji hana mjadala, maana alikuwa nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980, fainali zetu za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika. Mjadala ni wa kiti chake. Alichaguliwa Rais wa TFF mwishoni mwa mwaka 2004, wakati chama kimetoka kuacha jina la FAT, jina ambalo wengi walilihusisha na migogoro.

Wanaompinga wana hoja nzito. Katika miaka yake karibu tisa, Stars haikufika fainali hizo hata mara moja. Ilirudi mwaka 2019, miaka 39 baada ya Lagos. Wanaomtetea wanataja fainali za kwanza za CHAN mwaka 2009, ambazo tulicheza, na Kombe la Challenge tulilolitwaa nyumbani mwaka 2010.

Mimi napima kwa kipimo cha njia hii ya zamani ya misafara. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya wapagazi kutoka pwani hadi Ujiji, hakupimwa kwa uzito wa mzigo wake. Alipimwa kwa mambo mawili: je, msafara ulikaa pamoja, na je, ulifika?

Kwa swali la kwanza Tenga amefaulu. Chama kilitulia, na mwaka 2013 aling'atuka bila kugombea tena, jambo adimu katika vyama vyetu, ambako kiti huwa kama shamba la urithi. Kwa swali la pili, msafara ulifika nusu ya njia.

Basi nasema aingie, na aingie kama kiongozi, si kwa unahodha peke yake. Lakini ubao wake uandikwe yote mawili: utulivu aliouacha na fainali zilizomkwepa. Kijana wa Usinge anayepiga chandimu leo anahitaji viongozi wanaojua kuwa watapimwa. Tukiwasifu bila hesabu, tutawafundisha kupenda kiti. Tukiwasahau kabisa, watu waadilifu watauliza, ya nini kuhangaika?