Mashine Inaijua Video, Haimjui Mwenyewe

Kila Agosti ya mwaka shufwa, vijiji vya Bungoma na sehemu kubwa ya Trans Nzoia huamka kwa mlio wa chinyimba, zile kengele za chuma ambazo kijana anayekwenda kutahiriwa huzigonga kwenye vyuma vya mikononi. Omusinde, kama aitwavyo kijana huyo, huzunguka kwa jamaa zake akicheza na kuwaalika, nyuma yake kundi la waimbaji, na siku hizi nyuma ya waimbaji kuna simu zilizoinuliwa juu. Mpiga picha wa Chwele akipandisha video yake Facebook jioni, kufikia alfajiri anaweza kuikuta kwenye kurasa za watu wasiojua Webuye iko upande gani, nembo yake imekatwa na juu yake pameandikwa jina jingine.

Zamani mwizi wa namna hii aliiba sifa tu. Mambo yalibadilika mwaka 2024. Mwezi Machi, jijini Nairobi, kampuni ya Meta ilitangaza kwamba Wakenya wataanza kulipwa kwa matangazo yanayopita ndani ya video zao za Facebook, mpango uliolengwa kuanza Juni. YouTube ilikuwa inalipa tangu kitambo. Hata serikali ilishaona kuna mavuno: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali. Mahali penye malipo, kila mtazamaji aliyehamishwa ni senti iliyohamishwa.

Ukubwa wa wizi wenyewe ulipimwa mapema, kabla malipo ya Facebook hayajatufikia. Katika miezi mitatu ya kwanza ya 2015, Ogilvy na Tubular Labs waliziangalia video 1,000 zilizotazamwa zaidi Facebook, wakakuta 725 zimepandishwa upya kutoka kwa watu wengine. Video hizo zilikuwa zimetazamwa mara bilioni 17 hivi.

Upande wa Kitale hatari ni ya aina nyingine. Huko ndiko makao ya Kenya Seed Company, na vijana wengi wenye chaneli hawachezi ngoma: wanaonyesha namna ya kupanda mahindi, kukama ng'ombe, au kuwatambua viwavijeshi, wadudu walioingia mashamba ya magharibi mwa Kenya mwaka 2017. Video kama hiyo ikiibwa, mwizi hahitaji hata malipo ya Facebook. Anafuta namba ya simu ya mwenyewe, anaweka yake, na mkulima wa Kiminini anayeamini uso aliouzoea anatuma pesa za mbegu kwa mtu asiyemjua.

Swali ambalo kila aliyeibiwa huuliza ni hili: kampuni hizi zina mitambo inayotambua nyuso na sauti, inakuwaje ishindwe kuona kwamba video hii ni ileile? Ukweli ni kwamba mara nyingi haishindwi. Inaona vizuri. Kasoro iko kwingine, lakini kwanza tutazame jinsi inavyoona.

Kompyuta ina njia ya zamani ya kulinganisha mafaili. Hesabu iitwayo SHA-256 hulichukua faili lolote, liwe la kurasa mbili au filamu ya saa tatu, na kutoa mstari wa biti 256. Mafaili mawili yaliyo sawa kabisa hutoa mstari uleule. Badilisha nukta moja tu ya picha, na mstari wote unakuwa mwingine, hauna undugu na wa kwanza. Hesabu hii inafaa benki na vyeti vya siri. Kwa video haifai, kwa sababu WhatsApp peke yake, bila nia mbaya yoyote, huibana upya video inayotumwa kwa njia ya kawaida. Kwa macho ya SHA-256, video uliyomtumia shangazi yako Bungoma na ile aliyoipokea ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo wahandisi wakatafuta hesabu yenye tabia ya kinyume: inayopuuza vumbi na kushika umbo. Mzee wa kijiji humtambua mtu kwa mwendo wake akiwa bado upande wa pili wa bonde, kabla hajaona shati wala uso. Ndivyo inavyofanya PDQ, programu ambayo Facebook iliitoa bure kwa umma Agosti 2019. Huchukua picha, huondoa rangi, na kuipunguza hadi mraba wa nukta 64 kwa 64. Kisha hutumia hesabu ya kugeuza picha kuwa mawimbi, ambayo mhandisi Nasir Ahmed, mzaliwa wa India, na wenzake waliichapisha mwaka 1974. Mawimbi mapana ndiyo yanayobeba umbo kubwa: kilima kipo wapi, anga linaanzia wapi, kundi la watu limesimama upande gani. Mawimbi madogo hubeba nyasi na mikunjo ya nguo. PDQ hubakiza mapana tu, 16 kwa 16, na kwa kila moja huuliza kama liko juu au chini ya kiwango cha katikati. Majibu 256 ya ndiyo au hapana ndiyo alama ya kidole ya picha.

Picha mbili zisizohusiana hutofautiana katika biti kama 128, yaani nusu, kama ambavyo bahati ingefanya. Zikitofautiana kwa biti 31 au pungufu, PDQ huzihesabu kuwa picha moja. Mwizi akiipunguza mwanga, akiibana, akiweka maandishi madogo pembeni, umbo kubwa halibadiliki. Akiigeuza kushoto iwe kulia, ujanja unaopendwa sana, programu inaweza kuandaa mapema alama za picha ile ikiwa imegeuzwa na kuzungushwa. Video si chochote ila picha nyingi kwa sekunde, kwa hiyo alama huchukuliwa kwa vipindi na mfuatano wake ukalinganishwa. Jambo linalonifurahisha ni kwamba hesabu hiyohiyo ya Ahmed ndiyo msingi wa kubana video ndani ya simu yako. Bila hiyo, bando la siku lisingetosha kupandisha densi moja ya kamabeka.

Sauti nayo ina alama yake. Shazam, iliyoanza kazi Uingereza mwaka 2002, huigeuza sauti kuwa ramani ya masafa, nguvu na wakati, ikachagua vilele tu, kisha ikakumbuka umbali kati ya kilele na kilele. Mlio wa chinyimba, mkali na wa ghafla, huacha vilele vinavyoonekana hata penye kelele.

Na hapa panaanza utata. Fikiria wapiga picha wawili waliosimama pande mbili za uwanja mmoja. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Lakini kengele ni zilezile, kwa sekunde zilezile, na waimbaji ni walewale. Watafiti wamewahi kuitumia sifa hii kwa faida, kwa kupanga pamoja video za tamasha moja zilizopigwa na simu za watu mbalimbali. Mtambo uliowekwa kuwinda wizi unaweza kuitumia kwa hasara, ukadai mmoja amechukua mali ya mwingine.

Alama ya kidole husema vitu viwili vinafanana. Haisemi nani alikuwa wa kwanza, wala nani alikuwa amesimama na kamera kwenye matope ya mtoni asubuhi ya tohara. Kampuni zimeziba pengo hilo kwa kanuni rahisi: wa kwanza kupandisha ndiye mwenyewe, mpaka ithibitishwe vingine. Zana ya YouTube ya mwaka 2018 inayowaonyesha wenye chaneli nakala za video zao hufanya kazi kwa mtu aliyetangulia kupandisha humo YouTube. Zana ambayo Meta iliizindua Novemba 2025 kwa ajili ya video fupi hulinda zile zilizowekwa Facebook. Kila kampuni inachunga boma lake. Ukiiweka video yako YouTube leo, na mwizi akaipeleka Facebook kesho kabla yako, kwenye daftari la Facebook yeye ndiye aliyetangulia. Nakala inayozunguka ndani ya makundi ya WhatsApp ndiyo isiyoonwa na mtambo wowote, maana ujumbe hufungwa kwa siri kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji.

Tena zana bora hazigawiwi kila mtu. Content ID ya YouTube, iliyoanza 2007, ndiyo yenye nguvu kuliko zote: inachunguza kila video inayoingia, na mwenye haki anaweza kuizuia nakala au kuiacha ibaki na mapato yake yaje kwake. Wengi huchagua pesa. Kufikia mwisho wa 2022 YouTube ilikuwa imewalipa wenye haki dola bilioni 9 kwa njia hiyo. Lakini hupewa wenye hazina kubwa ya kazi, studio za filamu na kampuni za muziki. Kijana wa Kitale mwenye kamera moja anabaki kutafuta nakala kwa macho yake na kujaza fomu moja baada ya nyingine. Sioni sababu ya kisayansi ya ubaguzi huu. Kampuni husema zana kali mikononi mwa wengi italeta madai ya uongo, na hoja hiyo ina uzito, ila mzigo wa hoja umeangukia wasio na wakili.

Basi mtu athibitishe vipi kwamba yeye ndiye aliyepiga? Jibu zuri kuliko yote limo ndani ya simu yenyewe. Nyuma ya kioo cha kamera kuna mamilioni ya vihisi vidogo vya mwanga, na hakuna viwili vinavyolingana kabisa. Kimoja hupokea mwanga kupita kiasi kidogo, jirani yake pungufu kidogo. Kasoro hizo huacha mchanga usioonekana kwa macho, uleule katika kila picha ya simu ile. Mwaka 2006 Jan Lukáš, Jessica Fridrich na Miroslav Goljan wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walionyesha jinsi ya kuuchuja mchanga huo na kuoanisha picha na kamera iliyoipiga. Unaonekana vizuri kwenye faili la asili, na hufifia kila video inapobanwa. Mwizi ana nakala iliyobanwa. Mwenyewe ana faili zima, pamoja na sekunde za mwanzo na mwisho alizokata kabla ya kupandisha, ambazo mwizi hawezi kuzitoa popote. Kwa bahati mbaya, wengi hulifuta faili hilo jioni ileile kwa sababu simu imejaa.

Nembo ya pembeni haisaidii sana, inakatwa kwa kidole. Iwekwe karibu na katikati, iwe nyepesi, na ihamehame. Ipo pia alama fiche. Ingemar Cox na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba alama ifichwe katika mawimbi mapana ya picha, yaleyale yanayobeba umbo, ili anayetaka kuifuta alazimike kuiharibu picha.

Sheria ya Kenya haimdai msanii cheti ndipo imlinde. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki huzaliwa pale kazi ya asili inapohifadhiwa mahali, na kwa video hudumu miaka 50. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, huongeza ushahidi. Mahakama nazo zimeanza kuzoea kesi za mitandaoni: mwaka 2023 mwanamuziki Nonini alipewa fidia ya shilingi milioni 1 jijini Nairobi baada ya wimbo wake kutumiwa bila ruhusa kwenye video ya kutangaza runinga.

Ila hakimiliki ya video si hakimiliki ya kila kilichomo. Wimbo wa Sioyaye, unaoimbwa kijana akirudi kutoka mtoni, si wa mwenye kamera. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiasili huutambua kuwa mali ya jamii, na inazitaka serikali za kaunti kuweka rejista ya mali kama hizo. Tena kijana mwenyewe mara nyingi ni mtoto, na yuko karibu uchi. Anayelalamika kwamba video yake ya sherehe imeibwa ajiulize kwanza kama alimwomba ruhusa mzazi wa kijana yule.

Marekebisho yaliyofanyiwa Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019 yaliongeza njia ya kuondoa nakala mtandaoni. Mwenye haki humwandikia mtoa huduma ya intaneti ilani yenye maelezo ya kazi yake, anuani ya nakala iliyoibwa, na kiapo kwamba yeye ndiye mwenyewe, na nakala za ilani huenda KECOBO na Mamlaka ya Mawasiliano. Mtoa huduma ana saa 48 za kazi kuizima, isipokuwa mtuhumiwa akileta ilani ya kupinga. Anayetoa ilani ya uongo anaweza kutozwa hadi shilingi 500,000 au kufungwa hadi miaka 5, au vyote viwili. Facebook na YouTube zina fomu zao pia, zinazofuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998; Kenya imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1993, kwa hiyo kazi ya Mkenya inalindwa na huko.

Ukiikuta video yako kwenye ukurasa wa mtu, usianze na matusi kwenye maoni. Akiyaona ataifuta, na ushahidi utaondoka nayo. Piga kwanza picha ya skrini inayoonyesha jina la ukurasa, tarehe na idadi ya watazamaji, nakili kiungo, hifadhi faili lako la asili mahali pawili, ndipo uandike ilani.