World of Warcraft: jina baya linaondolewa, hata kama umelizoea

Ndani ya World of Warcraft, mchezo wa intaneti uliotolewa na kampuni ya Marekani Blizzard mwaka 2004, mchezaji hampi mhusika wake jina lolote analotaka. Linapaswa kuwa neno moja lenye herufi 2 hadi 12, bila tarakimu wala nafasi. Mukongomani mwenye majina matatu kwenye kadi ya mpiga kura hawezi kuyaingiza yote.

Matusi na ubaguzi ni marufuku. Wachezaji wenyewe hushitaki jina baya, na kampuni ikikubali, mwenyewe analazimishwa kuchagua lingine. Hasara si ndogo: wenzake wa vita, ambao wengi hawajamuona kwa macho, wanamujua kwa jina hilo tu.