Bawabu Mlangoni mwa Jeni



Chembe hai za jicho la binadamu na chembe hai za ini lake zimebeba urithi ule ule. Karibu kila moja ina maagizo yote ya kuujenga mwili mzima. Kwa nini basi jicho halitoi nyongo, wala ini halioni? Sababu ni kwamba katika kila chembe yako maagizo yanayosomwa, na yako yaliyofungwa. Miongoni mwa wataalamu waliouonyesha ulimwengu jinsi maagizo hayo, yaani jeni, yanavyofungwa na kufunguliwa, ni Profesa François Jacob wa Ufaransa.

Jacob alizaliwa mjini Nancy mwaka 1920, na nia yake ilikuwa kuwa daktari wa upasuaji. Mwezi Juni 1940, Ujerumani ilipoivamia nchi yake, aliyaacha masomo, akavuka bahari hadi Uingereza na kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru. Alitumwa katika bara letu la Afrika, akawahudumia wapiganaji huko Libya na Tunisia. Mwezi Agosti 1944 alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Normandy. Shahada ya udaktari aliipata mwaka 1947, lakini majeraha yale hayakumruhusu tena kushika kisu cha upasuaji.

Hapo wengi wangekata tamaa. Jacob hakukata. Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 30, alipokelewa katika maabara ya André Lwoff kwenye Taasisi ya Pasteur mjini Paris, akaanza upya kama mwanafunzi.

Swali walilolishughulikia yeye na mwenzake Jacques Monod lilionekana dogo. Bakteria aishiye matumboni mwetu huweza kula sukari ya maziwa, lakini hatengenezi kimeng'enya cha kuivunja mpaka sukari hiyo iwepo. Ikiletwa, kazi huanza baada ya dakika chache. Ikiondolewa, kazi hukoma. Je, kiumbe asiye na ubongo hujuaje?

Upande wa pili, Jacob alikuwa akichunguza virusi wanaolala kimya ndani ya bakteria mpaka waamshwe. Mwezi Julai 1958, akiwa ndani ya jumba la sinema pamoja na mkewe, ghafla alitambua kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Jeni ina mlango, na mlangoni ameketi bawabu. Bawabu huyo ni protini inayozuia jeni isisomwe. Sukari inapofika, humshika bawabu naye akauachia mlango. Ndipo jeni husomwa na kimeng'enya hutengenezwa. Mwaka 1961 Jacob na Monod waliandika maelezo kamili ya jambo hilo. Mwaka huo huo Jacob, pamoja na Sydney Brenner na Matthew Meselson, alithibitisha kuwapo kwa mjumbe, yaani RNA, ambaye huchukua nakala ya maagizo ya jeni na kuipeleka mahali protini zinapojengwa. Mwaka 1965 Jacob, Monod na Lwoff walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Pengine, ndugu msikilizaji, utauliza: sukari ya bakteria inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana. Zamani mgonjwa wa kisukari alitegemea insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliutumia mlango ule ule wa jeni ya sukari ya maziwa kumfanya bakteria atengeneze insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo iliidhinishwa nchini mwao. Naye yule mjumbe ndiye msingi wa baadhi ya chanjo za korona zilizoanza kutumika mwaka 2020.

Profesa Jacob alifariki dunia mwezi Aprili 2013. Hakuwahi kuwa daktari wa upasuaji, lakini wagonjwa walionufaika na kazi yake ni wengi kuliko ambao mikono ya daktari mmoja ingeweza kuwahudumia. Taifa linalomwuliza kila mtafiti faida ya kesho asubuhi litakuwa limeufunga mlango ambao nyuma yake pengine imo dawa ya watoto wake. Tusiyadharau maswali madogo, wala tusimhesabu aliyeanguka kuwa amekwisha.